Kioo cha Nyuma cha Mheshimiwa Pazi

Usiku wa jana niliota gari la Mheshimiwa Pazi limekaa kwenye kigoda changu, karakanani kwangu, linakunywa chai kwa kikombe changu. Magurudumu ya nyuma limeyakunja kwa adabu. Mimi nimesimama mbele yake na mkasi mkononi, natoka jasho kama niliyeitwa ofisini kujieleza. Halikunikaribisha hata andazi.

Kabla sijaendelea tuelewane. Mimi ni Fundi Mwinjuma, fundi makochi wa Kichangani, Morogoro. Natengeneza makochi, viti vya magari na maturubai ya bajaji. Gari hilo ni la kweli, si la ndotoni tu. Ni lile la kufunuka: unabonyeza kitufe, paa la kitambaa linajikunja lenyewe kwenda nyuma, na mwenye gari anabaki kichwa wazi ili watu wamwone vizuri. Mheshimiwa aliniletea juzi. Kioo cha nyuma, kilichogundishwa kwenye kile kitambaa, kilikuwa kimebanduka upande mzima, kinapigapiga. Kimebanduliwa na mashimo ya barabara ya kwao. Na mkandarasi aliyeijenga barabara hiyo ni yeye mwenyewe! Huo uheshimiwa nao sijui aliuokota wapi, maana hajawahi kuchaguliwa hata ubalozi wa nyumba kumi. Bintiye anaolewa Jumamosi, na ni lazima apitishwe mjini kwa gari hilo, liwe zima.

Nikamwambia nini? Nilimwambia kama ninavyowaambia wote: "Ondoa shaka, bosi. Njoo kesho."

Haya, turudi ndotoni.

"Umeshawahi kutengeneza gari la aina yangu?" gari likaniuliza. Sauti yake ni ya mtu aliyekaa ng'ambo miezi sita akarudi hajui ugali unaliwaje.

"Mengi tu," nikajibu.

"Mangapi?"

"Kwa wiki au kwa mwezi?"

Likaweka kikombe chini. "Fundi, mbele yangu ukisema uongo kitambaa kinasinyaa. Tazama."

Nikatazama. Kweli, paa limesinyaa upande wa kushoto mpaka vyuma vinaonekana.

"Sijawahi," nikakiri. "Lakini maturubai ya bajaji nimeshona yasiyo na idadi, na yote yana dirisha la nailoni nyuma. Tofauti yako na bajaji ni mdomo tu."

"Turubai!" Likashika kifua, pale kwenye ile nembo yake. "Turubai ni la lori la mkaa. Mimi nina paa. Limefumwa na watu wenye vyeti."

"Haya, paa." Nikaushika ukingo ili nivute.

"Wewe! Si ndiye unayesema kila siku kwamba kitambaa hakivutwi kwa nguvu, kinabembelezwa?"

Ni kweli nasema hivyo. Ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu, na nimewahi kugombana na watu kwa ajili yake.

"Basi nibembeleze," likasema, likafumba taa.

Nikalibembeleza. Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu wawili, nimepiga magoti nalisifia paa la gari. Nikaliambia weusi wake umetulia. Nikaliambia hakuna mfano wake kuanzia hapa mpaka Dodoma. Nikaliambia mke wangu mwenyewe hajawahi kusikia maneno matamu namna hii kutoka kwangu, na hilo lilikuwa kweli tupu, kwa sababu kitambaa kikanyooka papo hapo.

Sheria ya pili: gundi haishiki penye mafuta. Nikachukua kopo la gundi. Likajifungua kifuniko lenyewe, likaninusa vidole.

"Nawa," gundi ikasema.

Nikanawa kwa sabuni.

"Nawa tena."

Nikanawa kwa petroli. Ikaninusa, ikapiga chafya.

"Bado una mafuta."

"Mafuta gani unayoyasikia wewe? Ngozi yenyewe imeshaanza kutoka!"

"Ya ulimi," gundi ikasema. "Yameshuka kutoka kooni mpaka kwenye kucha. Ila basi, nitajitahidi kushika hivyo hivyo. Sharti langu ni moja tu. Ukishanipaka, nisiguswe wala nisikunjwe mpaka kesho moja nzima ipite juu yangu. Na iwe kesho ya kweli."

"Kesho ninazo tele," nikasema.

Gundi ikacheka mpaka ikatoa povu.

Hapo ndipo alipoingia Mheshimiwa Pazi. Amevaa suti nyeupe, na kwapani amebana barabara yake, ameikunja kama mkeka. Anaitandika mbele hatua mbili, anaikanyaga, anaikunja nyuma hatua mbili, ili asije mwingine akapita. Mashimo yamo ndani, nayasikia yanagongana.

"Tayari?" akauliza.

"Bado kidogo tu, bosi, namalizia. Njoo kesho."

Neno likanitoka mdomoni, likaanguka sakafuni, tki. Sote tukalitazama. Lilikuwa ganda la yai, na ndani hamna kitu.

"Ndiyo nini hii?" Mheshimiwa akauliza.

"Kesho."

"Hii? Hii imeshaliwa, fundi."

Jamani, niliumia. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikiwaambia watu njoo kesho wakati sijagusa hata msumari, na wanaitika, wanaondoka. Na leo, siku moja tu ninayosema kweli, siku ambayo kazi yenyewe inahitaji kesho na hata kwenye kopo imeandikwa, maneno yangu yanatoka matupu! Nikajaribu tena. "Njoo kesho." Tki. Ganda lingine. "Kesho asubuhi na mapema." Hilo lilitoka likiwa limeshapasuka.

"Kesho ni ya watu wadogo," Mheshimiwa akasema, akijipangusa ganda kwenye kiatu. "Mimi ni mtu wa leo. Harusi ni harusi. Binti yangu akipita mjini kioo kinapigapiga nyuma yake, watu watasema nini?"

"Watasema ni barabara, bosi."

Akanitazama. Mimi nikajifanya natafuta mkasi, na mkasi ninao mkononi.

"Kesho hazikai mdomoni," gari likasema, sasa limechoka na sisi. "Zinakaa ghalani. Nenda kachukue yako moja, uilete. Pita hapo." Likaonyesha kwa wipa lile tundu la nyuma, mahali kioo kilipotakiwa kuwa.

Naingiza kichwa. Kichwa kinapita. Mabega yanakwama. Mheshimiwa ananisukuma kwa kiatu, na sikatai kusema kwamba aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Naangukia upande wa pili.

Upande wa pili ni ghala refu, lina kaunta, na nyuma ya kaunta amekaa cherehani mzee amevaa miwani. Neno lake la mwisho analirudia kila mara, kama tunavyorudisha mshono ili uzi usifumuke.

"Nikusaidie nini, nini?"

"Nimefuata kesho. Moja tu. Naitwa Mwinjuma, fundi makochi."

"Rafu yako ile pale, pale."

Nikaitazama rafu. Jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake hamna kitu isipokuwa vumbi na mjusi aliyelala.

"Mbona tupu? Nimeibiwa!"

"Hukuibiwa, hukuibiwa. Umezigawa mwenyewe, mwenyewe. Kila mteja umempa, umempa. Na kesho inarudi hapa siku ile mteja anapopewa kitu chake, chake. Wewe hujarudisha hata moja tangu Ramadhani, Ramadhani."

"Kwani hakuna mteja hata mmoja aliyebaki nayo, nikaazime kwake?"

Cherehani akapandisha miwani. "Wengi walizitupa walipofika tu kwenye kona ya kwako, kwako. Hawakuamini, fundi, hawakuamini. Aliyeziweka zote ni mmoja, mmoja. Mzee Kibwana, Kibwana."

Nikainamia rafu yangu. Mjusi naye akaamka akanitazama.

Mzee Kibwana ninamfahamu, na ninyi sasa mtamfahamu. Zamani alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho na bendera zake. Sasa miguu imekataa. Ana kiti cha magurudumu ambacho kitambaa cha kukalia kilichanika, na bintiye, Mwalimu Zamoyoni, alikileta kwangu kabla ya mfungo. Kazi ya saa moja. Sisemi uongo, ni saa moja, na humo ndani nakunywa na chai. Lakini kila nikitaka kukishika, anakuja mtu na seti ya makochi, au gari, au sauti kubwa. Mwalimu yeye anakuja na heshima zake, anasimama mlangoni, anasema, "Fundi, baba anauliza." Nami nasema kesho. Miezi minne mzee wa watu hajatoka chumbani, kwa sababu ya kipande cha turubai kisichotosha hata kufunika mbuzi. Kiti kimelala chini ya magodoro yangu. Naona aibu hata kukiandika hapa.

"Anakaa wapi?" nikauliza, ingawa napajua.

"Sogeza rafu, rafu."

Nasogeza rafu. Nyuma yake ni chumba cha Mzee Kibwana, na chumba chenyewe ni behewa la mwisho la treni, kitanda kimefungwa kwa kamba dirishani kisije kikateleza. Mzee amekaa kitandani. Amenyolewa ndevu vizuri, amevaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi. Umeleta kiti?"

"Nimekuja kwa jambo jingine, Mzee."

"Aa," akasema. Angenitukana ningeshukuru.

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa leso iliyofungwa fundo.

"Zamoyoni kila akitoka kwako ananiletea moja," akasema. "Mimi naamka nayo. Namwambia, mwanangu, ninyoe, nivalishe, fundi kasema kesho na kesho yenyewe ndiyo hii. Nakaa naisubiri. Ikifika magharibi nalala, na asubuhi nafungua nyingine. Zimenifaa sana, fundi. Ningekuwa sina hizo, sijui ningekuwa naamkia nini."

Akalifungua fundo. Ndani kulikuwa na kesho moja, ukubwa wa ndimu, ina vuguvugu, inanukia chai ya asubuhi.

"Imebaki hii," akasema. "Unaitaka ya nini?"

"Ya gari, Mzee."

"Linaumwa?"

"Limebanduka kioo cha nyuma. La Mheshimiwa Pazi. Binti anaolewa."

Mzee akafikiri. Treni ikapita kwenye daraja, kitanda kikatikisika.

"Kioo cha nyuma ni kitu kikubwa," akasema. "Miaka thelathini nimekaa nyuma. Dereva haoni waliochelewa. Mimi niliwaona wote, wanakimbia pembeni ya reli na vikapu, mama mmoja na kuku wake wawili, wanapunga, wanaita, na sina uwezo wa kusimamisha. Nilikuwa nawapungia na mimi. Angalau wajue wameonekana." Akanyoosha mkono. "Chukua."

"Ukinipa hii, wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki na leo, mpaka iishe."

Sasa hapa ningeweza kuwadanganya. Ningesema nilikataa, nikaangusha chozi, nikamrudishia kesho yake kwenye leso, mkaniona mtu mwema. Sikukataa. Nilifikiria kiatu cha Mheshimiwa, nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante. Halafu, kwa mazoea tu, Mungu anisamehe, nikaongeza:

"Na kiti chako, Mzee, usiwe na wasiwasi. Kesho."

Mzee Kibwana akanitazama kwa upole.

"Ipi, fundi?"

Nikarudi nyuma, nikapita kwenye rafu, nikapita mbele ya cherehani aliyejifanya hanioni, nikatumbukia kwenye tundu mpaka karakanani.

Napaka gundi. Naweka kioo. Naiweka ile kesho juu ya mshono, na inayeyuka taratibu. Jua linachomoza kwenye boksi la misumari, linapita juu ya makochi, linazama nyuma ya cherehani yangu. Jogoo anawika ndani ya kopo. Kioo kimeshika. Nakigonga, kinalia kizima.

"Umeona?" Mheshimiwa akasema. "Mafundi mkikazaniwa mnaweza."

"Sheria ya mwisho," gari likasema, likijitazama kwenye kioo cha pembeni. "Fundi hukagua kazi yake akiwa ndani."

Nikaingia kiti cha nyuma, nikageuka, nikapiga magoti nitazame nje kupitia kioo. Mheshimiwa akawasha gari. Akawa anaitandika barabara mbele na kuikunja nyuma, na kila inapokunjwa inakunjwa na vilivyokuwa juu yake: kibanda cha chipsi, kituo cha bajaji, zahanati ambayo haikumaliziwa. Kioo ni safi ajabu. Sijawahi kuweka kioo safi namna ile, na kwa nukta moja nilijisikia fahari, nawaambieni ukweli.

Halafu nikakiona kitanda. Kiko mwisho kabisa wa barabara. Mzee Kibwana amekaa juu yake, mgongo wima, kanzu nyeupe, na anapeperusha bendera ya kijani. Kwa watu wa treni maana yake ni moja: nendeni, nyuma salama. Na barabara inakunjwa kuelekea kwake.

"Simamisha!" nikapiga kelele. "Mheshimiwa, simamisha, kuna mtu!"

"Wapi?"

"Nyuma!"

"Aa, nyuma," Mheshimiwa akasema, akaongeza mwendo.

Nikakipiga kioo kwa ngumi zote mbili kivunjike, kibanduke, nitoke. Hakikubanduka. Kazi yangu mwenyewe, na sijawahi kufanya nyingine imara kama ile. Barabara ikafika kwenye miguu ya kitanda, na mzee bado anapunga.

Nikaamka nikiwa nimelala sakafuni karakanani, shingo imekakamaa, adhana ya alfajiri inamalizikia. Nikakumbuka. Jana baada ya Isha nilikuwa nimekipaka kioo gundi, nikalala hapo hapo nisije nikachelewa, huku najua fika kwamba alfajiri kitakuwa bado kinanata na nitamdanganya Mheshimiwa kitu kingine. Nikainuka nikakigusa. Kimekauka. Nikapitisha ukucha kwenye mshono kuanzia kona hii mpaka ile, nikakisukuma kwa kiganja, nikakisukuma kwa bega. Kimekauka kama kilichokaa siku nzima juani.

Nikasema labda ni joto. Morogoro kuna joto.

Simu ikaita mara moja, ujumbe umeingia. Ni Mwalimu Zamoyoni. Nikajua anauliza kiti, nikaufungua huku nimeshaandaa jibu.

"Fundi, habari za asubuhi. Samahani kukusumbua mapema. Baba leo kakataa kunyolewa. Anasema kesho yake ya mwisho amekupa wewe, na anauliza kama imebaki hata kidogo umrudishie. Mmeongea lini?"

Nikausoma mara tatu. Nikakaa juu ya kopo la gundi.

Nikaandika: Nakuja. Simu, kwa jinsi ilivyonizoea, ikamalizia yenyewe: kesho. Nikalifuta. Ikaliweka tena. Nikaizima kabisa, nikaanza kutupa magodoro ya watu pembeni, moja baada ya jingine, mpaka nikakifikia kiti.

Nje Mheshimiwa akaanza kugonga mlango. "Fundi! Liko tayari?"

Liko tayari, Mungu ni shahidi, kwa mara ya kwanza tangu nijue kushona kitu kiko tayari kwa wakati. Sikumfungulia. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, na uzi haupiti.